Ufunguo wa Choo cha Kayole

Walisema Doha sitakaa hata mwaka, nikakaa mpaka mkataba ukaisha na wakaniomba niongeze. Walisema mtoto wa fundi wa reli hawezi kusoma huku anafanya kazi, nikasoma kila jioni baada ya kufuta jasho la watu kwenye mashine za jimu, na nikarudi Buruburu na diploma ya ukufunzi wa mazoezi (ina muhuri wa dhahabu, iko ukutani, ukija kwangu utaiona kabla hujaonyeshwa kiti). Kisha niliposema nitaanzisha kikundi cha watu wazima wa kukimbia mbio ndefu, Ochieng kinyozi alisimamisha mashine katikati ya kichwa cha mteja, akasema, "Buda, hapa Eastlands ukiona mtu anakimbia, jua anafukuzwa."

Wateja wote walicheka. Na ninachowasimulia leo ni aibu tupu, sitaipaka rangi, kwa sababu kuna asubuhi moja ambayo Ochieng alionekana nabii. Ningeinyamazia kama ingewezekana, ila nusu ya Spine Road, barabara ya Kayole, iliniona, kwa hivyo afadhali mnisikie mimi mwenyewe kuliko kumsikia Ochieng, ambaye kila akiisimulia anaiongezea kipande.

Mtu wa kwanza kujiunga na kikundi changu alikuwa Mama Halima, anayeuza mahamri na mbaazi mlangoni kwake, rafiki wa marehemu mama yangu, na ndiye aliyenilisha siku nyingi mama akiwa kazini. Daktari alimwambia sukari yake imepanda, atembee kila siku, naye akaamua kwamba kutembea ni kwa wazee. Mwaka uliotangulia alikuwa ameingia kwenye mbio za hisani za mitaa yetu, zile za kutoka Buruburu hadi Kayole na kurudi, bila mazoezi yoyote, na aliporudi nusu ya njia akaokotwa na lori linalofuata nyuma kuwabeba walioshindwa, ili barabara ifunguliwe kwa magari. Walimteremsha mbele ya mlango wake kama gunia la unga, mkwe wake akiangalia.

"Mimi sitaki kushinda mtu," aliniambia. "Nataka kuingia uwanjani kwa miguu yangu. Na wewe utanifikisha, si una diploma?"

Nikamwambia nitamfikisha. Nilimwambia mbele ya watu, kwa sauti ya mtu mwenye diploma.

Tukafanya mazoezi, na hapa niruhusuni nijisifu kidogo, maana yalikuwa mazoezi mazuri. Tulianza kwa kukimbia kidogo na kutembea kidogo, umbali tukauongeza pole pole, wiki nzito ikifuatwa na wiki nyepesi, na mwenye maumivu ya goti hakupata sifa kwa kuyaficha. Niliwafundisha kwamba mwendo wa mazoezi ni mwendo wa kuongea. Ukishindwa kumaliza sentensi, punguza. (Kanuni hiyo waliipenda kuliko zote, kwa sababu walikuwa wanapiga umbea kutoka Buruburu hadi Donholm bila kuvuta pumzi.) Na kanuni ya mwisho niliwafanya wairudie kwa sauti kila Jumamosi kama darasa la chekechea: siku ya mbio, hakuna kipya. Si kiatu kipya, si soksi mpya, na hasa si chakula kipya, kwa sababu tumbo ni kama mama mkwe, halitaki kushtukizwa asubuhi.

Sasa ikafika Jumapili ya mbio. Tumesimama uwanjani, wanafunzi wangu wamevaa viatu vyao vya kila siku, Mama Halima amevaa suruali ya mazoezi chini ya gauni lake na kilemba chekundu kama kawaida yake, na mimi nimevaa kaptura nyeusi niliyoizoea, kila kitu sawasawa kabisa. Ndipo Ochieng akaja kutuangalia, mikono mfukoni.

"Niaje, kocha. Nasikia huko Doha mlikuwa mnakimbia juu ya mashine. Mnatoka jasho na hamuendi mahali."

Ningecheka tu. Lakini mfukoni nilikuwa na pakiti mbili za ile jeli ya nguvu ya wakimbiaji, nilizozinunua uwanja wa ndege siku ya kurudi, za kahawa na chokoleti, na sikuwa nimewahi kuzifungua kwa sababu nilikuwa naziweka kwa siku ya kuonekana. Nikaona siku yenyewe ndiyo hii. Nikazitoa pole pole ili Ochieng asome maandishi ya kigeni, nikasema, "Wenzako wanaoenda mahali hutumia hizi," nikanyonya ya kwanza, nikanyonya na ya pili.

Mama Halima akanitazama. "Hiyo umeshaijaribu?"

"Mimi ndiye kocha, Mama."

Akafunga kilemba chake vizuri.

Wanafunzi wengine walitangulia, na mpaka Kayole mimi na Mama Halima tulikwenda kama maji. Mama Halima alikimbia mwendo wake mdogo usiobadilika, akaniambia habari za ndoa ya mpwa wake toka mahari mpaka ugomvi wa pilau, na tulipogeuka kuanza safari ya kurudi niliangalia saa nikajua tutafika na nafasi ya kupumua. Hapo ndipo tumbo likanguruma. Nikapuuza. Likanguruma tena, kwa sauti iliyomfanya Mama Halima asimamishe hadithi.

"Endelea na mwendo wako," nilimwambia, "nitakufikia."

Geti la ploti moja, vyumba vya kupanga vinavyozunguka ua na choo kimoja, lilikuwa wazi, nikaingia. Choo kilikuwa mwisho wa ua, na mlangoni kulikuwa na kufuli. Aliyewahi kuishi ploti anajua kwamba choo hufungwa, la sivyo kila mpita njia angekuwa mpangaji, na ufunguo hukaa kwa mtu, na mtu huyo huombwa. Mimi nilikulia nyumba yenye choo ndani, halafu nikaenda Doha, nilikuwa nimesahau kabisa. Mama mmoja alikuwa anafua nguo uani, akaniangalia kutoka juu mpaka chini.

"Mama, habari ya asubuhi. Naomba ufunguo wa choo."

"Wewe ni mgeni wa nani?"

"Mimi ni wa mbio."

"Wa mbio wako barabarani."

"Mama, tafadhali."

"Jana mwingine alikuja na tafadhali kama hiyo, akatoka bila kumwaga maji."

"Nitamwaga. Nitapiga na deki. Mimi nina diploma, mama." (Msiniulize kwa nini nilisema hivyo, ni kitu kilichozoea kutoka chenyewe.)

"Ya choo?" akauliza.

Akapangusa mikono kidole kwa kidole, akaingia ndani, akatoka na ufunguo uliofungwa kwa kamba ndefu kwenye kandambili kuukuu, ili mtu asiutie mfukoni akaondoka nao. Kufuli lilikuwa na kutu. Nililizungusha huku nimekunja magoti, nikaomba, nikalizungusha tena, na lilipofunguka nilikuwa nimeshachelewa. Ninyi ni watu wazima, hapo nitaruka. Nitasema tu kwamba ufunguo niliuvaa shingoni, mikono yote miwili ilikuwa na kazi.

Yule mama (baadaye nilijua anaitwa Mama Brayo) alielewa kwa kunyamaza kwangu. Alileta ndoo ya maji na kipande cha sabuni ya mche, akaviweka mlangoni, akageuka upande wa pili. Alikuwa hajawahi kuniona maishani.

"Mama," nikaita kutoka ndani, "mzee wako hana suruali hata kuukuu?"

"Moja ameivaa, zingine ndizo hizi ziko kwa maji."

Nikamsikia akikamua nguo moja, kisha nyingine.

"Kuna sketi yangu ya kwaya," akasema. "Ina mpira kiunoni."

"Sketi?"

"Ama utoke na ndoo."

Ilikuwa ya rangi ya damu ya mzee, marinda mapana, ukanda mweupe kwa chini. Mama Brayo alinipitishia juu ya mlango na kunionya kwamba leo wanaimba vijana, lakini Jumapili ijayo ni zamu ya akina mama, irudi. Nikaapa. Nikamwaga maji kama nilivyoahidi, nikapiga deki, nikafunga kufuli vizuri kwa heshima ya wenyewe, nikamwachia kaptura yangu kwenye ndoo, nikatoka mbio kumtafuta mwanafunzi wangu.

Watu wa Kayole walinishangilia. Walipiga miluzi, akina mama wakapiga vigelegele, na mimi (hivi ndivyo nilivyo) nikawapungia mkono. Nilikuwa nimeanza kufikiri kwamba siku itaokoka, ndipo nikasikia bodaboda nyuma yangu na sauti ya mwanamume: "Wewe wa sketi! Simama!"

Nilidhani mwenye sketi amebadili mawazo, na pale barabarani nisingeweza kuivua. Basi nikaongeza mwendo. Na mtu mmoja kwenye mkokoteni wa miwa, aliyeona mwanamume mwenye sketi anakimbia na mwingine anamfuata, akasema neno ambalo mtaani kwetu halisemwi kwa mzaha. Alisema, "Mwizi." Hakulipaza sana, lakini niliona vichwa vikigeuka, nikaona kijana mmoja akiinama kuokota kitu, na nikasikia miguu nyuma yangu ikiwa mingi. Jamani, mwendo wa kuongea niliusahau. Nilikimbia kama ambavyo hakuna diploma inayofundisha.

Mbele yangu nikaona kilemba chekundu. Mama Halima alisikia kelele, akageuka, akaniona, akaona walio nyuma yangu. Angeweza kuendelea. Muda wake ulikuwa mzuri, uwanja hauko mbali, na alikuwa amengoja mwaka mzima. Alirudi. Alirudi alikotoka, akanishika mkono akaniweka nyuma yake, akasimama katikati ya barabara, mikono kiunoni.

"Simameni hapo. Huyu ni mtoto wangu. Amewaibia nini?"

Wakasimama. Mwanamume wa bodaboda akashuka. Alikuwa mlinzi wa usiku, bado amevaa koti la kazi, na uso wake ulikuwa wa mtu mwenye shida ninayoijua vizuri.

"Sketi akae nayo, mama," akasema. "Tunataka ufunguo. Nimetoka kazini, na ploti nzima iko kwa laini ya choo."

Nikainamisha macho. Kandambili ilikuwa kifuani pangu, inaning'inia kama medali. Nilikuwa nimewapungia watu mkono nikiwa nayo.

Yule kijana akaangusha alichookota, mtu akacheka, kisha wakacheka wote, na mimi nikamvisha mlinzi ufunguo. "Pole, ndugu," akasema, akaruka juu ya bodaboda kwa haraka ambayo hakuna aliyeilaumu.

Lakini muda ulikuwa umekwenda. Lori la walioshindwa lilikuwa limetufikia, na dereva akatoa kichwa dirishani. "Mama, panda. Na huyo dada yako pia."

Miguu yangu ilikuwa imekufa, tumbo tupu, kichwa kinazunguka. Ningepanda. Ni Mama Halima aliyekataa.

"Mwaka jana nilipanda," akamwambia dereva. "Viti vyako navijua." Kisha akanigeukia. "Haya, mwalimu. Mtu anakimbia mwendo gani?"

"Mwendo wa kuongea."

"Basi ongea."

"Niongee nini?"

"Anza na ile jeli."

Hivyo ndivyo hadithi hii ilivyosimuliwa kwa mara ya kwanza, barabarani, sketi ikipeperuka, lori likinguruma nyuma yetu na magari yakipiga honi nyuma ya lori. Nilipofika kwenye "Ya choo?" alicheka mpaka akalazimika kutembea kidogo, halafu tukaanza tena. Tuliingia uwanjani wa mwisho kabisa, watu wameshaanza kukunja utepe, na wakaukunjua. Mama Halima alivuka kwa miguu yake, mkwe wake akiangalia. Mimi nilivuka nyuma yake. Niliahidi kumfikisha, na mwenye macho aliona nani alimfikisha nani.

Ochieng alikuwa pale pale. Nilimngoja aseme lake, nikiwa nimeliandalia majibu matatu. Aliitazama sketi, akaangalia pembeni, kisha akavua jaketi lake akanifunga kiunoni juu ya marinda.

"Nilisema watu hukimbia wakifukuzwa," akasema. "Sikusema wanamaliza." Na baadaye, kwa sauti ya chini: "Jumamosi mnaanza saa ngapi?"

Wiki hiyo nililipa madeni yangu yote. Jaketi nilimrudishia Ochieng Jumamosi asubuhi, likiwa safi, naye akalivaa na kukimbia nalo (jaketi, kwenye jua, lakini sikumsema). Mama Halima nilimwuliza nimlipe nini, akasema niuze mahamri siku moja yeye alale, na nikauza, na wateja walilalamika kuhusu huduma. Na Jumamosi hiyo hiyo kikundi chote kikakimbia mpaka Kayole, pole pole, tukiongea, mimi nimebeba sketi mgongoni, imefuliwa na kupigwa pasi rinda kwa rinda, pamoja na sabuni nzima ya mche na kufuli jipya lisilo na kutu.

Mama Brayo aliikagua sketi kwenye mwanga. "Umeipiga pasi kuliko mimi," akasema, akaingia ndani, akatoka na kaptura yangu. Alikuwa ameifua na kuikunja, na juu yake ameweka kikombe cha chai. Nikainywa yote hapo hapo, nimesimama, ikiwa moto.

Kabla hatujaanza kurudi nikakumbuka kanuni moja ambayo sikuwa nimeitilia mkazo vya kutosha darasani: choo kwanza, mbio baadaye. Nikamwomba ufunguo. Akaingia ndani, akanitolea: walikuwa wameufunga kwenye mfuniko wa sufuria kubwa ya sherehe, wa upana wa meza.

"Huo," akasema, "jaribu kukimbia nao."

Niliubeba kwa mikono miwili mpaka mwisho wa ua, na niliubeba kwa mikono miwili kuurudisha, nikamkabidhi mkononi mwake, nikasema asante.