Binti wa Pili, Tarehe Mosi Januari

Mimi ni binti wa pili kwa mama yangu, na kwetu sisi Wanande jina hufuata zamu ya kuzaliwa. Binti wa kwanza ana lake, wa pili ana lake, mzazi hahangaiki kuchagua. Ita jina langu sokoni pale Majengo uone wanawake wangapi watageuka. Nalisema hili mapema kwa sababu kosa ninalolisimulia lingeweza kusameheka kwa mgeni. Kwangu halina udhuru.

Nilikuwa mwandishi wa kadi za wagonjwa katika kituo kidogo cha afya. Kompyuta yetu na ile ya hospitali kubwa zilikaa kama majirani walionuniana. Mgonjwa tuliyemtuma kule alianza kujieleza upya, na yote tuliyojua juu yake yalibaki kwetu. Kisha wakaja mafundi wakaziunganisha, tukanywa soda, tukapigana picha. Kazi iliyobaki ikawa yangu. Mashine iliniletea kadi mbili mbili zilizofanana, moja ya kwetu na moja ya hospitali, ikiniuliza kama ni za mtu mmoja. Nikibonyeza ndiyo, zinakuwa kadi moja, na pale zinapopingana, habari mpya inafuta ya zamani.

Nilibonyeza kama mtu anayechambua maharage huku akipiga soga. Jina la binti wa pili, jina la ubatizo lilelile, mtaa uleule, tarehe mosi Januari, mwaka uleule. Ndiyo, huyu ni mmoja, tuendelee. Na hiyo tarehe mosi Januari nilikuwa naiandika mwenyewe! Mama asiyejua siku aliyozaliwa, na ni wengi, hasa waliokimbia vita bila karatasi hata moja, tulimpa hiyo ili foleni isogee. Hospitalini nao walifanya vivyo hivyo.

Asubuhi moja akaja mama na mtoto mgongoni, anataka huyo mtoto apimwe kilo. Alikuwa amejifungulia hospitalini, na kwetu ilikuwa mara yake ya kwanza. Nikafungua kadi yake, nikafurahi kuiona, kwamba kweli siku hizi tunasikilizana na hospitali. Kisha nikasoma. Kadi ilisema amelazwa hospitalini tangu alfajiri, anangoja kupasuliwa ili ajifungue, na saa nne atachomwa sindano ya ampisilini.

"Mama, uko na mimba?" nikamuuliza.

Alicheka mpaka mtoto akaamka. "Mimba ya wapi? Huyu mutoto angali ananyonya!"

Mimi sikucheka. Nilikwenda kwenye kabati la kadi za zamani za karatasi, nikatafuta jina lile, na nikamkuta mwingine, mwenye mimba, aliyekuwa akifuata kliniki kwetu. Juu ya kadi yake palikuwa na maneno ya wino mwekundu: asipewe ampisilini, ilishamvimbisha koo akakosa pumzi. Kwenye kompyuta maneno hayo hayakuwepo tena. Palikuwa na habari mpya ya mama wa mtoto: hana shida na dawa yoyote.

Ilikuwa saa tatu na nusu na kitu. Nilipiga simu ya hospitali, ikaita, ikaita, hakuna aliyepokea. Nilipiga tena nikiwa nimeshatoka barabarani na kadi mkononi, nikasimamisha pikipiki ya abiria.

"Papa, kimbiza, mutu atakufa!"

Dereva alikimbiza. Tulirukaruka juu ya mawe, nimemshika shati. Njia nzima niliomba mwanamke yule asife. Nikisema ukweli, niliomba kwa ajili yangu kwanza. Nilishawaona akilini ndugu zake wakisimama kituoni wakiuliza ni nani alibonyeza.

Nilipoingia wodini, muuguzi alikuwa ameshainama juu ya kitanda, sindano mkononi.

"Achia! Ile dawa usimupe!"

Aligeuka akinitazama kama mwendawazimu. "Masini inasema hana shida."

"Nilimuambia!" mgonjwa alisema, amejishika tumbo kubwa, macho yamemtoka. "Mara mbili nilimuambia ile dawa ilinifunga koo. Anasema masini haina ile maneno."

Nikampa muuguzi kadi. Alisoma wino mwekundu, akaiweka sindano kwenye sinia polepole, akaketi ukingoni mwa kitanda. Mimi niliketi sakafuni. Nilianza kuwahesabu wengine niliowabonyezea ndiyo wiki ile, nikashindwa, kwa maana sikuwa nimewatazama.

Muuguzi alipotoka kumtafuta daktari, tulibaki wawili.

"Kule kwenu waliandika muzuri," mgonjwa alisema. "Niliona na macho yangu. Sasa nani alifuta?"

Alikuwa ananitazama usoni. Yeye na mimi, jina moja.

"Masini, mama," nikasema.

Akanyoosha mkono, akashika wangu, akaubana kwa nguvu. "Mungu akubariki. Ni weye umetuokoa, mimi na huyu wa tumboni."

Nikasema aksanti.