Korongo Katikati ya Upande A

Jumapili zangu za darasa la nne zilinuka pasi ya mkaa. Baba alikuwa fundi cherehani mjini Sumbawanga, na ingawa Jumapili hakushona, aliwasha pasi alfajiri ili anyooshe shati lake la kanisani, kisha akaiacha ipoe barazani huku ukungu ukiwa bado umelala juu ya mabati ya majirani. Tuliporudi kutoka misa ya pili, baraza ya duka lake ilikuwa bado ina harufu ya mkaa, ya kitambaa kizito kilichonyunyiziwa maji, na ya mafuta ya mashine. Hapo ndipo wanaume walipokaa kusikiliza muziki. Walikuja na makoti yao, wakabana mikono kwapani kwa baridi, na walitulia kuliko walivyotulia kanisani, jambo ambalo mama alilisema kila wiki.

Bendi waliyoipenda iliitwa Ukungu. Ilivunjika kabla sijazaliwa, na nje ya nyanda zetu za juu sidhani kama kuna aliyeijua. Ilikuwa na magitaa mawili ya umeme, filimbi, malimba ya kupigwa kwa vidole gumba, ngoma za harusi za Kifipa, na sauti zilizopangwa kama za kwaya ya parokia. Wimbo wao mmoja ulijaza upande mzima wa kaseti. Ulianza polepole kama mtu anayetafuta viatu gizani, ukabadilika mwendo mara nyingi, na kila ulipokaribia kukuruhusu kucheza ulikugeuzia mgongo. Ndiyo maana kumbi za dansi ziliwachoka. Wanaume wa barazani kwetu walijivunia hilo. Mwalimu Kasiani, mstaafu aliyekuwa amewafundisha nusu ya watu wa mtaa, aliuita muziki wa kukaa. "Wa kucheza upo mwingi," alikuwa akisema. "Huu unataka makalio yatulie ndipo masikio yafanye kazi."

Upande A ulikuwa wimbo wa mtu anayeshuka kutoka nyanda za juu kwenda bonde la Ziwa Rukwa kutafuta chakula, kisha anapanda tena. Baba aliipata kaseti hiyo kwa binamu yake wa Matai, na kwa kuwa hakuna mwingine aliyekuwa nayo, ikamfanya mwenyekiti. Hakukuwa na uchaguzi. Alitangaza tu kwamba anayo kaseti ya Ukungu, nzima, haina mkwaruzo, na wanaume wakaanza kumpa kiti cha katikati kwenye baraza yake mwenyewe. Mtu ambaye wateja walimgombeza siku sita kwa suruali zilizochelewa, siku ya saba aliitwa Mwenyekiti. Nilikuwa mtoto, lakini niliona jinsi mabega yake yalivyobadilika.

Kabla Jumapili hizo hazijaanza, mimi na baba tulikuwa tumeisikiliza kaseti ile wiki nzima, wawili tu, jioni akimalizia kupiga pasi. Nilikariri kila kitu, hata kikohozi cha mtu kinachosikika karibu na mwanzo. Na katikati ya Upande A, mtu yule anapofika chini kabisa bondeni na kugeuka kupanda, vyombo vyote vilinyamaza, yakabaki malimba peke yake, na mwanamke akaimba. Ubeti mmoja tu. Sauti yake haikuwa ya kujipamba. Ilikuwa kama ya mtu anayezungumza na mwenzake huku anafunga mzigo: "Tangulia, mimi nina mtoto mgongoni, ukifika juu washa moto, usinisubiri kwenye baridi." Kisha ngoma ziliingia zote kwa pamoja.

Jumamosi, siku moja kabla ya wanaume kuja kwa mara ya kwanza, redio ilikula mkanda. Ilikula pale pale kwenye ubeti wa mwanamke. Baba alifungua kifuniko akautoa mkanda ukiwa umejikunja kama nywele zilizoungua. Tulijaribu kuunyoosha kwa kucha, tukajaribu kuulaza chini ya kitambaa na pasi iliyopoa, tukauharibu zaidi. Mwisho akachukua mkasi wake wa kazi, akakata kipande kilichoharibika, karibu urefu wa mtu mzima, akaunganisha ncha mbili kwa selotepu nyembamba kwa mkono ule ule wa kutia pindo. Mimi ndiye niliyeshika ncha moja. "Tusiwaambie," alisema. "Watasema nimeiharibu hata kabla hawajaisikia." Kipande kile alikipeleka kwenye shamba letu la ulezi, akakifunga kati ya miti miwili kifukuze ndege. Upepo ulipovuma kililia. Nilisimama chini yake mara kadhaa nikisikiliza kama kuna neno litakalotoka. Nilikuwa na miaka kumi. Sasa nina shahada, na bado siwezi kusema kwa uhakika kwamba nilikuwa mjinga kusikiliza.

Kesho yake wanaume walisikiliza. Malimba yakaanza, halafu, pasipo onyo lolote, ngoma zikalipuka. Mwalimu Kasiani aliruka kitini. Akaomba irudishwe. Ikarudishwa. "Mnasikia hao?" akasema, macho yamemtoka. "Wangeweza kutujengea daraja. Hawakujenga. Wanataka turuke." Wakapaita mahali pale Korongo. Ndani ya mwezi mmoja ilikuwa desturi: malimba yakianza, wanaume wote waliinua miguu kutoka sakafuni, na ngoma zikiingia waliishusha kwa pamoja, puu, vumbi la chaki ya fundi likaruka. Masanja, mfanyabiashara wa ng'ombe ambaye ukoo wake ulihamia bondeni kutoka Usukumani, alikuwa na viatu vizito kuliko wote na alichelewa kila mara. "Wewe umetumbukia tena," walimwambia. "Ng'ombe zenu ndio wanaonivuta nyuma," alijibu, ingawa ng'ombe walikuwa wake mwenyewe. Baba aliinua miguu kama wengine. Mimi pia niliinua.

Baada ya mavuno ya ulezi, Masanja alirudi kutoka Mtowisa, kule bondeni, na habari. Alikuwa amekwenda kutafuta mafahali, akamkuta mzee mmoja akirekebisha kingo za jaruba la mpunga huku akipiga mluzi Upande A, na mluzi wenyewe haukukosea popote. Alikuwa Mzee Venansi, mwimbaji wa Ukungu. Wanaume hawakulala vizuri wiki ile. Walimtumia ujumbe aje, na yeye alirudisha swali moja tu kupitia kwa dereva wa lori: je, ni kweli kaseti mnayo? Walipomhakikishia kwamba ndiyo, akasema atakuja.

Alikuja Jumapili, mtu mwembamba mwenye koti la kuazima, akitetemeka kwa baridi ambayo alikuwa ameisahau huko kwenye joto. Wanaume wazima walimwamkia shikamoo wakiwa wamesimama wote. Walimweka kwenye kiti cha katikati. Walimuuliza maswali waliyoyatunza tangu ujana wao, nani alipiga gitaa la pili, kwa nini filimbi inaingia kwa kuchelewa, na yeye alijibu kwa adabu, kwa maneno machache, lakini macho yake yalikuwa kwenye redio. Halafu akaeleza kilichomleta. Kaseti yake mwenyewe ilichukuliwa na mafuriko pamoja na kuta za nyumba. Mke wake, Sesilia, hakuwahi kusafiri na bendi kwa sababu alikuwa na mtoto mchanga, lakini siku ya kurekodi alikuwepo, akaimba ubeti mmoja. Alikuwa amefariki miaka mingi nyuma. Hakuna picha yake. "Sauti yake iko humo tu," alisema. "Nimekuja kumsikiliza."

Nilikuwa nimekaa kwenye kigoda karibu na mlango. Nilimwangalia baba. Baba alikuwa akichagua betri.

Wimbo ulipofika bondeni, malimba yalianza, na Mzee Venansi akainua kidole kimoja, akafumba macho, uso wake ukiwa tayari umefunguka. Wanaume wakainua miguu. Puu. Mzee akafumbua macho, akatazama viatu vyao, akatazama redio. Aliomba irudishwe. Ikarudishwa mara tatu, na mara ya tatu hakuna aliyeinua miguu isipokuwa Masanja, kwa mazoea.

"Hapa mke wangu anaimba," alisema mzee.

"Mzee wetu," Mwalimu Kasiani akasema kwa upole aliokuwa akiutumia kwa mwanafunzi asiyefahamu, "Ukungu haikuwa na mwanamke. Sisi tuliifuata kila ilikopiga. Wanaume watano."

"Jukwaani hakuwepo, na kipande hiki hatukukipiga bila yeye. Kwenye kurekodi alikuwepo."

Akauimba ubeti ule mwenyewe, kwa sauti iliyokatika, akigonga mapigo ya malimba kwa kucha kwenye mkono wa kiti. Niliutambua kila neno. Wanaume walisikiliza, na niliona kwenye nyuso zao kitu ambacho leo naweza kukipa jina: walichukizwa. Wimbo waliokuwa nao ulikuwa bora kuliko wa huyu mzee. "Hapo unalifukia Korongo, mzee," alisema Mwalimu. Masanja akacheka ili kupunguza uzito. "Babu, jua la bondeni hilo. Hata mimi kule mchana huwa nawasikia wake ambao sijawaoa." Wakacheka wote, siyo kwa ubaya, na hilo ndilo linalonitesa zaidi. Hawakuwa wabaya. Walikuwa wanaitetea bendi dhidi ya mwimbaji wake.

Mzee Venansi akamgeukia baba. "Fundi, kaseti ni yako. Ilikuja hivi?"

Baba alikuwa ameitoa kaseti na kuishika kwa mikono miwili. Nadhani alifungua mdomo. Halafu akanielekeza kwa kidevu. "Huyu mtoto ameikariri yote kuliko sisi. Mwulizeni yeye. Skola, humo kuna sauti ya mwanamke?"

Nimeitazama nusu dakika ile kwa kila upande. Kama alinikazia macho, basi aliniagiza. Lakini jua lilikuwa ndiyo kwanza linatoboa ukungu na lilimpiga usoni. Inawezekana alikunja macho tu. Inawezekana hata alitaka niseme ukweli ambao yeye hakuweza kuusema, na mimi nikamnyima nafasi. Swali lenyewe lilikuwa na mwanya, kwa sababu wakati ule, ndani ya kaseti ile, kweli sauti haikuwemo. Yote haya nimeyafikiria baadaye. Siku ile nilifikiria kitu kimoja: kwamba baba angeacha kuitwa Mwenyekiti.

"Hakuna," nikasema.

Mzee Venansi akainamisha kichwa kama mtu anayekubali hukumu ya baraza. "Asante, mwanangu," akasema. Alikunywa chai yake hadi ikaisha. Wanaume walimsindikiza hadi kwenye lori la Mtowisa wakimshukuru kwa kazi yake kubwa, na Mwalimu Kasiani akamwambia kwamba uzee unachanganya mambo, asijali. Wiki ile nilikwenda shambani. Miti miwili ilikuwepo, lakini mkanda haukuwepo; mavuno yalikuwa yamepita na mtu alikuwa amechoma mabua. Kabla mvua za mwaka uliofuata hazijakatika, Masanja alileta habari kwamba mzee amezikwa. Baraza ilisimama dakika moja kwa heshima yake, kisha wakaiweka kaseti.

Sasa nimerudi nyumbani, mwaka wa pili tangu nihitimu, nikituma barua za maombi ya kazi ambazo hazijibiwi. Kwa kuwa nina muda, baba aliniomba niihamishie kaseti kwenye simu. Nikafanya. Siku hizi Ukungu ina kundi la WhatsApp lenye watu kutoka Mpanda, Mbeya, hata Dar es Salaam, vijana wa umri wangu ambao hawajawahi kushika kaseti. Wanarekodi video wakiinua miguu. Wengine wameniambia kwa heshima kubwa kwamba Korongo ndilo lililowafanya waupende muziki wa aina hii. Zamani uongo wetu ulikaa kwenye baraza moja na ungeweza kufa na wanaume saba. Leo mimi mwenyewe nimeusafisha, nikaupunguzia mkwaruzo, nikausambaza. Mara nyingi nimeandika ujumbe mrefu kwa kundi, nikaeleza kuhusu Sesilia na ubeti wake, kisha nikaufuta. Nikiandika maneno yake, nani ataamini? Mbali na baba, shahidi pekee aliyebaki ndiye aliyekanusha.

Wiki iliyopita nilimweleza baba kwamba nataka kusema ukweli. Alikuwa anatia mshipi kwenye sketi ya shule. Amezeeka, uzi unamsumbua kuingia tunduni, na bado wanamwita Mwenyekiti, sasa na watu asiowajua. Nilimwambia kila kitu nilichokibeba, kwa mpangilio, kama mtu anayewasilisha utafiti. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Sema tu, mama," alisema. "Lakini sema vizuri. Mimi siku ile sikutamka neno la uongo. Aliyesema hakuna ni wewe."

Akaendelea kushona. Niliitafuta kasoro katika maneno yake, kama ninavyoitafuta katika kila kitu, jioni yote na siku zilizofuata. Sijaiona.