Nilifunga lift ya post mbili nyumbani Busia bila kujua chini ya floor kuna nini

Wakuu, salamu kwenu wote, wa upande huu wa mpaka na wa ule.

Hii stori nimeikalia muda kwa sababu ya aibu. Lakini juzi nimeona mwenzetu humu anauliza lift gani ya kunyanyulia magari ni nzuri kwa garage ya nyumbani, na watu wanamjibu mambo ya tani na motor. Hakuna hata mmoja amemuuliza kuhusu floor. Nikasema hapana, wacha niongee. Sijaongeza chumvi. Mke wangu naye anasoma humu, nikidanganya atanianika hapahapa.

Mimi ni fundi wa magari, Busia, upande wa Uganda. Shule niliacha katikati, hesabu za pembetatu ndizo zilinifukuza. Kwa hiyo mkiona Kiswahili imepinda, ipisheni tu, hii ni ya mpakani.

Garage iko nyumbani, imegusana na jikoni. Mama Akoth, ndiye mke wangu, akikaanga vitunguu, mteja anachukua gari ikinukia kuliko alivyoileta.

Mwanzoni nilikuwa nafanyia kazi kwa shimo. Unapaki gari juu, unashuka chini, unafungua bolt ukiangalia juu kama mtu anaomba mvua.

Shimo ilichimbwa na Egesa. Huyu ni mulamu wangu, kaka wa Mama Akoth. Mtu mzima, ana watoto wake, anachimba dhahabu kule Tiira. Nikafikiria, nani atachimba shimo vizuri kuliko mtu anakula kwa shimo? Nikamwachia kazi, mimi nikaenda Kampala kutafuta engine.

Kurudi, nakuta kazi safi. Kuta za matofali, plasta juu, ngazi ya kushukia.

Kitu kimoja tu. Shimo ilikuwa ya mtu mmoja kusimama, lakini udongo uliotoka ulikuwa kilima.

Mtu mwenye akili angeuliza. Mimi nikafurahi. Nikautumia kusawazisha compound, nikazunguka mtaa mzima nasifu: mulamu wangu anachapa kazi mpaka udongo unazidi shimo!

Haya. Shida ya shimo ni mvua. Ikinyesha inajaa maji, vyura wanahamia na familia zao. Siku moja niko chini ya gearbox naimba zangu, chura akaniruka usoni, nusu aingie mdomoni. Hapo ndio niliamua. Nafunika shimo, nanunua lift.

Nikajaza murram, ule udongo mwekundu wa barabara, nikashindilia, nikamwaga zege juu. Floor ikang'aa mpaka Mama Akoth akataka kuanikia mihogo.

Sasa kuchagua lift. Wakuu, nilitazama video mpaka simu ikawa moto. Kuna ya mkasi, ile fupi inanyanyuka kutoka chini. Kuna ya post nne, gari inapanda juu yake kama kitanda. Na kuna ya post mbili, yaani nguzo mbili zenye mikono, gari inaning'inia, magurudumu yote yako huru.

Mimi moyo wangu ulikuwa kwa post mbili. Sababu ya kwanza ni kazi ya suspension. Sababu ya pili, ile ya kweli, inaonekana vizuri kwa picha.

Nikaenda Tororo kwa dada mmoja anauza vifaa vya garage. Huyo dada anauliza kama polisi wa mpakani.

"Kutoka floor mpaka bati kuna nafasi gani?"

Nikajibu.

"Umeme wako ni wa phase moja au tatu?"

Nikajibu.

"Floor yako ina unene gani?"

"Dada, niliimwaga mimi mwenyewe."

"Sikuuliza nani aliimwaga. Na chini ya floor kuna nini?"

"Chini kuna Uganda."

Nilicheka peke yangu.  Yeye akasema, "Basi chukua ya post nne. Ile uzito wake unagawanyika kwa miguu minne. Hii ya post mbili inashikwa na bolt, na bolt zinashikwa na floor. Floor ikikusaliti, usinipigie simu."

Nikachukua ya post mbili.

Akanipa ushauri wa mwisho: kabla ya kufunga, toboa floor, sikiliza drill inaingia vipi. Nikatoboa. Upande wa kulia drill ilipiga kelele, ikapigana na zege, ikatoka jasho. Upande wa kushoto ilipigana kidogo, halafu ikazama yote ghafla, kama unachoma ovakado.

Nikasema, aisee, hii drill ni kali.

Cheka tu, mkuu. Hata mimi nacheka.

Lift ikasimama. Watu wakaja kuona. Egesa naye akaja, lakini hakuingia. Alisimama mlangoni. Kila akija, mlangoni. Namwambia, "Mulamu, ingia uone chombo," yeye anasema viatu vyake vina matope. Siku ya jua kali, matope!

Mimi nikajua ni wivu. Nikamsamehe kwa moyo mkubwa.

Sasa siku yenyewe.

Mzee mkwe wangu akaja kutoka Dabani na pickup yake, ile inabeba mihogo na mahindi ya ukoo mzima kupeleka sokoni. Spring ya nyuma ilikuwa inalia. Egesa alikuja naye.

Mnajua mkwe akifika kwako, kazi inangoja. Anakula kwanza. Kwa hiyo mzee akaingia ndani kwa kuku na ugali ya wimbi, mimi nikaingiza pickup kwa lift.

Egesa, mlangoni, akasema, "Mulamu, hiyo spring si unaweza kutoa na jeki tu, hapo nje?"

"Jeki ni ya watu wa zamani," nikamwambia.

Nikabonyeza. Pickup ikapanda. Lock zikalia kla, kla, kla. Nikaishusha kidogo ikalale kwa lock, nikaingia chini na spana.

Halafu nikasikia *tik*.

Ndogo tu. Nikaangalia chini. Kutoka mguu wa post ya kushoto kulikuwa na ufa mwembamba kama uzi, unaelekea pale shimo ya zamani ilipokuwa.

Wakuu, nilifanya nini? Niliweka kitambaa juu yake. Eti nisiuone.

*Tik* tena. Nikainua kitambaa. Ufa sasa kucha inaingia. Nikaangalia post, nikaona kama imeinama. Nikainamisha kichwa labda ni mimi nimepinda. Hapana, ni post.

Nikatoka chini mbio, nashusha gari. Nikabonyeza switch.

Kimya. Umeme umeenda.

Kwa wasiojua: gari ikiwa imelala kwa lock, lazima uipandishe kidogo ndio lock iachie, halafu ishuke. Bila umeme haipandi, na isipopanda haishuki. Inabaki pale juu inakuangalia.

Na hapo ndio mzee akatoka ndani. Ameshiba, ananyonya meno, mikono nyuma. Akapita mlango, akapita Egesa, akaenda kusimama moja kwa moja chini ya pickup yake kuangalia spring.

Hapa mnielewe. Kwetu mkwe haamrishwi. Humshiki mkono, humpigii kelele, hata mlangoni unampisha kwanza. Moyo wangu ulikuwa unataka kusema TOKA, mdomo ukasema:

"Mzee, chai iko tayari."

"Nimeshiba."

"Kuna soda pia, mzee. Ya baridi."

"Nimesema nimeshiba. Hii bush nayo, hii raba ya spring, imeisha?" Na akaishika, akaanza kuitikisa!

*Tik.*

Jasho lilikuwa linashuka mpaka kwa soksi. Nikaanza kutafuta kitu kingine cha kumkaribishia. 

Nyuma yangu Egesa akapiga ukelele.

"Baba, toka! Toka hapo, chini ni shimo!"

Mzee akageuka polepole. "Shimo si mlifunika?"

"Ile nyingine!"

Mzee alitoka. Hakukimbia, lakini alitoka. Mimi nikamgeukia Egesa.

"Shimo gani nyingine, mulamu?"

"Nilipofika chini niliona mstari wa jiwe nyeupe, ile inakaa na dhahabu. Ile jiwe ukiiona, mulamu, mkono hauachi. Nikaifuata."

"Ukaifuata mpaka wapi?"

Akanyoosha mdomo, akaonyesha mguu wa post ya kushoto. Palepale.

"Mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa umeshanisifu kwa watu wote."

Nilikosa pa kuweka hasira.

Jirani anayechomelea madirisha akatupa jenereta. Tukaweka magogo ya kalatusi chini ya pickup, tukiyasukuma na fito kwa mbali. Sasa shida ni moja. Hii lift kila post ina lock yake, na switch iko kwa post ya kushoto. Ile mbaya.

Nikaanza kwenda. Egesa akanipita. "Niambie tu ya kubonyeza."

Alikuwa hajawahi kuigusa hiyo lift. Nikasimama kwa post ya kulia, mkono kwa lock, namwelekeza kama rubani.

"Bonyeza kidogo. Kidogo!"

Pickup ikapanda upana wa kidole. Post ikalia sauti sijawahi kusikia kwa chuma. Mama Akoth alikuwa dirishani, ameshika kitambaa cha kichwa kwa meno.

"Vuta lock, ishikilie. Sasa kwa mkono mwingine, bonyeza ile ya kushusha. Taratibu, mulamu, taratibu, taratibu."

Ikashuka. Hiyo safari ilikuwa ndefu kuliko Busia kwenda Kampala. Gurudumu liligusa floor, Egesa akakaa chini palepale. 

Mzee alikuwa ametazama yote. Akamuuliza mtoto wake swali moja.

"Na ulipata?"

"Hapana, baba."

"Hata kidogo?"

"Hata ya kuweka kwa jino."

Mzee akatikisa kichwa, akasema, "Basi ile soda mniletee."

Tulipovunja floor, wakuu, tulikuta njia inayotosha mtu kutambaa, inapita chini ya post. Bolt mbili zilikuwa zinaning'inia hewani, hazishiki kitu. Na ndiyo njia iliyokuwa inaleta maji kwa shimo yangu. Vyura walikuwa wanajua garage yangu kuliko mimi.

Tumejaza mawe na zege, Egesa na mimi, mpaka mwisho wa njia. Alinionyesha mwisho mwenyewe.

Somo langu ni hili: usianze na lift, anza na chini. Toboa, na drill ikizama, usiisifu drill. Muulize aliyechimba, aliyejenga, aliyekuuzia kiwanja. Na mtu akikataa kuingia kwako kila siku, muulize kwa upole anaona nini wewe huoni.

Sasa nisaidieni, maana bado sina amani. Niirudishe ile ya post mbili kwa zege mpya, au nibadilishe na ya post nne kama dada wa Tororo alivyosema? Mwenye uzoefu wa floor iliyojazwa chini aseme, hata kama ni kunitukana.

Egesa yeye anasema iko imara. Siku hizi akija anaingia mpaka ndani kabisa, anarukaruka pale kushoto kunionyesha.

Mimi ndio nasimama mlangoni.