Mwamba Hausikilizi Mkutano

Ipo siku moja naikumbuka vizuri, mwanangu, siku mtambo wa kuchimba visima ulipopanda mlima kuja kwetu Bashay. Manyara haikuwa mkoa bado, tulikuwa Arusha, na kampuni za watu binafsi ndiyo kwanza zilikuwa zimeruhusiwa. Mimi nilikuwa kibarua wa kampuni iliyoleta mtambo huo, kijana mwenye maneno mengi. Kijiji kilikuwa kimeahidiwa mashimo mawili tu. Mama zetu waliteka maji bondeni, na kijito kikikauka wakati wa kiangazi walirudi na matope.

Mtaalamu wa miamba alipima, akaonyesha mstari wa nyufa unaopita pembeni, kwenye shamba la Mzee Boay. Hapo ndipo palipokuwa na taabu. Baba yangu na Mzee Boay walikuwa hawasalimiani kwa sababu ya mpaka wa malisho, na kila mmoja alikuwa na watu wake. Kwetu kitu cha wote hukaa katikati, asiwepo wa kusema kimewekwa kwa fulani. Mkutano ukaamua katikati, karibu na kanisa, nami nikawa wa kwanza kuwasihi wakubwa wa kazi wakubali. Nilitaka amani, na nilitaka baba asiende kuomba maji kwa Boay.

Tukachimba. Likatoka vumbi jeupe mpaka jioni, na kesho yake vumbi tena. Mwamba ulikuwa mzima, hauna hata ufa mmoja. Akina mama waliokuja na ndoo wakarudi nazo tupu, na mama yangu alikuwa miongoni mwao. Niliona haya.

Fundi mkuu, Mzee Jumanne wa Katesh, akaniita. Nikampa shikamoo, akaitikia, kisha akasema bila kupandisha sauti, "Kijana, mwamba hausikilizi mkutano. Pataneni, lakini msilitwike jiwe kazi ya kuwapatanisha."

Shimo la pili likachimbwa kwa Mzee Boay. Mwanzoni jiwe kavu vilevile, kisha mtambo ukakutana na ufa, maji yakaruka. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi wachimbaji tulikuwa tunautafuta. Watu wakataka pampu ivute kwa nguvu zote. Mzee Jumanne akakataa. "Ufa hutoa haraka kilichomo ndani yake," akasema, "halafu unangoja mwamba uujaze polepole. Mkivuta kwa pupa mtafurahi leo tu."

Baba alikaa muda mrefu bila kuyaonja maji yale. Asubuhi moja akachukua ndoo mwenyewe, akasimama penye uzio wa Mzee Boay, akapiga hodi.

"Karibu," Mzee Boay akamjibu. "Umechelewa."

Wakaanza na habari za ng'ombe. Mpaka wa malisho waliumaliza baadaye mbele ya wazee, kama ilivyotakiwa tangu mwanzo.

Sasa unakwenda kwenye visima vya gesi. Umenieleza kwamba gesi hiyo imebanwa ndani ya mwamba mgumu, kwenye vitundu vidogo mno, na bila nyufa hutoka kidogo sana. Basi ni ndugu wa kisima chetu. Wewe umesoma kunizidi: unajua kwamba nyufa nyingine zimezibwa na madini zamani na hazipitishi kitu, kwamba nyingine huleta maji yakaizuia gesi, na kwamba shimo lililonyooka kwenda chini linaweza kupita katikati ya nyufa zilizosimama lisiguse hata moja. Usidanganywe na wingi wa siku ya kwanza. Haraka haraka haina baraka.

Langu ni hili. Watakuja watu, pengine wakubwa wako, wakutake usogeze shimo ili fulani aridhike. Waambie mapema nyufa zilipo, hata kama zimepita kwa asiyependwa. Ugomvi wa watu umalizeni kwa mdomo, mkiwa mmeketi.

Nenda, mwanangu. Mungu akutangulie, akupe subira, na popote utakapochimba, asirudi mama wa mtu na ndoo tupu.