Tiketi Iliyofukizwa Ubani

Nilikubali tiketi yangu ya bahati nasibu ikazindikwe kwanza, ikingwe kwa dawa na hasidi, ndipo ipelekwe Dar es Salaam. Sikushikwa mkono wala sikutishwa. Mjomba wangu aliuliza, nami nikamjibu, "Sawa, mjomba." Ni maneno mawili tu, na kila ninapoyakumbuka natamani ningekuwa bubu siku ile.

Tulikuwa tukiishi Mtawanya, mimi na mke wangu, katika shamba la ufuta na mihogo na mikorosho michache. Watoto walikuwa wameshakwenda kwao. Mke wangu aliugua moyo. Ulianza ugonjwa kama uchovu: akitoka kisimani na ndoo alisimama mara mbili, halafu mara nne, halafu ikawa ndoo naibeba mimi na majirani wananicheka. Baadaye akawa hawezi kulala chali. Alilala amekaa, mgongo ukutani, mto kiunoni, kwa sababu akijinyoosha alisema anazama.

Daktari wa hospitali kubwa Dar alituchorea moyo kwenye karatasi. Alisema una vilango ndani yake, na kimoja hakifungi tena, damu ikisukumwa mbele inarudi ilikotoka. "Kinabadilishwa," alisema, "lakini msikae sana." Akatutajia gharama. Nikaikunja karatasi ile vizuri nikaitia mfukoni, kama mtu mwenye njia ya kufanya. Sikuwa na njia yoyote. Shamba zima pamoja na nyumba lisingefika nusu.

Nikiwa katika hali hiyo nilipeleka ufuta Ikwiriri, na nilipolipwa nikapita kwenye kibanda karibu na stendi. Mwenye kibanda alikuwa mama mmoja wa makamo, aliuza vocha na tiketi za bahati nasibu zilizotoka kwenye kimashine cha mkononi, karatasi laini kama risiti ya duka. Mimi ni Mwislamu na najua kamari ni nini. Nilinunua tiketi moja huku nikiangalia pembeni nisionekane na mtu wa msikitini kwetu. Sitajitetea kwa hilo. Aliyekata tamaa hujaribu hata asichokiamini.

Baada ya droo nilirudi Ikwiriri. Yule mama akaipitisha tiketi kwenye kimashine, kikalia. Akakisoma, akanitazama, akashusha pazia la dirisha la kibanda, akanifungulia mlango wa nyuma.

"Mzee, unajua kusoma?"

"Nimefika kidato cha nne."

"Basi geuza nyuma usome. Mimi mate yameniisha."

Nikasoma. Mshindi aandike jina lake, namba ya kitambulisho na sahihi. Tiketi isiloweshwe. Isiwekwe kwenye jua wala karibu na moto. Yaliandikwa kwa Kiswahili rahisi, niliyaelewa yote.

"Umeshinda ile kubwa," akasema kwa sauti ya chini. "Sasa nisikilize. Kalamu hii hapa, andika jina lako kabla hujatoka. Pita pale kwenye duka la fotokopi, toa kopi, mbele na nyuma, kopi ikae mbali na tiketi. Usimwambie mtu, hata paka wako. Kesho panda basi la kwanza, uende ofisini kwao mwenyewe, na kitambulisho. Asikubebee mtu. Wakikulipa, ziingie benki, usipite nazo barabarani."

"Na wewe nikupe nini, mama?"

"Nipe kwenda zako. Ukikaa hapa watu watajua."

Niliishika kalamu, kisha nikairudishia kifuniko. Kwetu ukoo hufuata mama, na mjomba ndiye mwenye wewe. Ndiye aliyenipeleka shule, ndiye aliyenitolea mahari, na ndiye ambaye angekaa mbele siku ya mazishi yangu. Jambo kubwa halifanyiki mjomba hajasikia. Nikaona kama nikiandika jina langu peke yangu kwenye ile karatasi, nitakuwa nimemruka. Nikaitia tiketi kwenye msahafu mdogo niliokuwa nao, nikaondoka bila sahihi na bila kopi.

Mke wangu nilimkuta kibarazani akichambua mchicha. Nilipomwambia, alicheka kwanza.

"Hela ya kamari iingie kifuani mwangu?"

"Hela itaingia kwa daktari. Kifuani kitaingia kilango."

"Na hicho kilango kitajua kufunga Ramadhani?"

Alicheka mpaka kikohozi kikamshika, nikamshika mabega hadi kikapita. Alipopata pumzi hakuwa na mzaha tena.

"Twende kesho," akasema. "Mungu atanihukumu nikiwa hai."

Nikamwambia lazima mjomba ajue kwanza, ni siku moja tu. "Haya," akasema. "Wewe ndiye mume." Akarudi kwenye mchicha wake.

Mjomba wangu alikuwa Kibiti, mzee sana wakati huo, amenyooka kama fito. Alifurahi hadi machozi yakamtoka. Kisha akaogopa. Akasema bahati ya ukubwa ule huvuta macho, na macho huua haraka kuliko moyo. Akanichukua kwa shehe wa mtaa wake tukaombewe dua. Shehe akatusikiliza hadi mwisho.

"Kamari siiombei dua, mzee wangu," akamwambia mjomba. "Karatasi hiyo msiniletee msikitini. Lakini mgonjwa mpelekeni hospitali hata leo, nami nitamwombea yeye."

Mjomba alitoka pale amenuna. Njiani akasema, "Shehe wa juzi huyu. Anajua vitabu, hajui nchi." Na ndipo akanieleza habari za mzee mmoja ng'ambo ya mto, huko delta, mwenye maji.

Habari za maji nilizijua tangu utoto. Babu yake mjomba alikuwa kijana wakati wa vita vya Maji Maji. Alinyweshwa maji, akanyunyiziwa mengine kichwani na kifuani, akaambiwa risasi za Mjerumani zitamwagika kama matone ya mvua, mradi ashike miiko: asimguse mwanamke, asichukue mali ya mtu, asigeuke nyuma. Alikwenda, akarudi. Wenzake wengi hawakurudi. Katika ukoo wetu hakuna aliyesema maji yalishindwa. Walisema wale waliokufa walivunja mwiko.

Shuleni nilifundishwa vingine. Mwalimu wetu wa historia alisema watu walikuwa mashujaa, waliungana makabila kwa makabila, lakini maji yale hayakuzuia risasi hata moja, na waliokufa walikufa kwa sababu risasi hupenya. Niliandika hivyo kwenye mtihani, nikapata alama nzuri. Kwa hiyo nilikuwa nayajua yote mawili. Tuliporudi kibarazani kwake, mbele ya mjomba nikachagua lile lisilomwudhi.

"Au msomi wetu ana neno?" aliniuliza. "Maana nyie wa kidato cha nne mnajua kila kitu, ila mnazikwa na sisi tusiojua."

"Tiketi imeandikwa isiloweshwe, mjomba."

"Na bunduki ya Mjerumani iliandikwa nini?"

Waliokuwepo wakacheka, nami nikacheka. Hapo ndipo alipouliza, "Basi tuipeleke?" Na hapo ndipo nilipojibu.

Ona pia kwamba nilisema "waliokuwepo". Walikuwa watu wanne kibarazani kwake, majirani na mtu aliyekuja kuposa, na kila mmoja alikuwa na mke na ndugu.

Tulivuka daraja la Ndundu, tukashukia Muhoro, tukachukua mtumbwi kuingia kwenye mikoko. Mwenye maji alikuwa mtu mpole, miwani yake imefungwa kwa uzi, na juu ya paa lake kulikuwa na sola ya kuchajia simu. Sidhani alikuwa tapeli. Hakutaka fedha nyingi, na alichofanya alikifanya kwa unyenyekevu, kama mtu anayehudumia maiti. Alitupa miiko. Siku saba nisilale na mke wangu, nisile samaki wasio na magamba, na jina langu lisigusishwe kwenye tiketi, kwa sababu ukiandika jina umempa hasidi mlango. Tukakaa siku saba pale kijijini. Usiku wa kwanza na wa pili nilimpigia mke wangu simu. Alisema yuko salama. Nilisikia jinsi alivyokuwa akikata maneno ili avute pumzi.

Siku ya saba asubuhi mwenye maji alichemsha mizizi yake katika chungu. Akachovya kitawi, akainyunyizia tiketi mara tatu. Matone yalikaa juu ya karatasi, hayakuharibu kitu, na nikashukuru moyoni. Kisha akaleta chetezo chenye makaa mekundu, akatia ubani, akaishika tiketi kwa ncha za vidole juu ya moshi, akiishusha kidogo kidogo huku akisoma maneno yake.

Niliona. Nataka ieleweke kwamba niliona. Ilianza doa la kijivu katikati, likatanuka, na kabla hajafika mwisho wa maneno yake tiketi nzima ilikuwa nyeusi kama sufuria ya mkaa. Namba hazikuonekana. Karatasi zile hazina wino, zinapikwa kwa joto, na joto likizidi hupikwa zote. Hilo sikulijua kwa undani, lakini nilijua kusoma, na kulikuwa kumeandikwa isisogezwe kwenye moto.

Mwenye maji naye alishtuka, nilimwona. Akaweka chetezo kando, akasema, "Imekubali. Imejifunika uso hasidi asiione."

"Umeona," mjomba akaniambia.

"Nimeona, mjomba," nikasema.

Nilikwenda Dar es Salaam peke yangu. Dada wa ofisi ya bahati nasibu aliipokea ile karatasi, akaigeuza mbele na nyuma, akaipitisha kwenye mashine, akaipitisha tena.

"Baba, hii imepatwa na nini?"

"Ilikaa karibu na moto."

"Jina lako nyuma hukuandika?"

"Sikuandika."

"Una kopi? Ulipiga hata picha kwa simu?"

"Sina."

Aliweka kalamu chini. Hakuwa na dharau, alikuwa kama muuguzi anayetafuta pa kuanzia. Akanieleza kwamba wanajua tiketi iliyoshinda ilinunuliwa Ikwiriri na haijalipwa. Tatizo ni kwamba juma lile walikuwa wamepigiwa simu na watu wawili kutoka Kibiti, kila mmoja akisema tiketi ile ni yake na ameipoteza. Ningekuja na sahihi, wale wangejibiwa siku hiyo hiyo. Ningekuwa na kopi ya namba, vivyo hivyo. "Sasa mko watatu," akasema, "na wewe una karatasi nyeusi."

Aliniandikia madai, nikatia sahihi sehemu tano. Nilitia sahihi vizuri sana, kwa mwandiko wa shule. Tiketi ikachukuliwa na wataalamu. Wakampigia mama wa kibanda, naye akasema kweli: alimwona mzee, aliona tiketi imeshinda, ila namba hakuiandika, wala jina langu hakulijua. Nilipokwenda kumshukuru hakunikaribisha ndani.

"Nilikupa kalamu," akasema. "Nilikupa kalamu mkononi."

Nikawa mtu wa basi. Kila baada ya wiki mbili nilikwenda Dar, nikakaa kwenye viti vile vya plastiki, nikaambiwa bado. Nauli ilitoka kwenye ufuta, kisha kwenye mbuzi, kisha kwa kuuza mikorosho ikiwa bado haijazaa. Mjomba alisema lazima nilivunja mwiko. Aliniuliza mbele za watu kama nilikula kambare kule delta. Nilikuwa nimeshiba aibu. Alifariki kabla mambo hayajaisha, na nilikaa mbele kwenye mazishi yake kama impasavyo mpwa, nikamlilia kwa haki. Hakunidanganya. Aliamini alichoniambia. Mimi ndiye niliyetii nisichokiamini.

Mke wangu hakunilaumu hata siku moja, na hilo lilinitesa kuliko lawama. Miguu yake ilivimba hadi ngozi ikang'aa. Nilimwinamisha nikamwosha, nikamwekea mto. Siku moja akaniuliza, "Siku ile, kama tungekwenda kesho yake, tungelipwa?"

Nikafikiria kumwambia sijui.

"Tungelipwa," nikamwambia.

Akatikisa kichwa kukubali, kama mtu aliyeuliza bei ya kitu alichokwisha kukiacha dukani. "Niletee maji ya kunywa," akasema.

Barua ilikuja wakati wa mavuno ya mpunga. Wataalamu walishindwa kuisoma tiketi, hakuna aliyelipwa kati yetu watatu, na muda wa kudai ulikuwa umekwisha. Niliisoma nimesimama uani. Hakukuwa na mtu wa kumsomea, kwa sababu mke wangu tulikuwa tumemzika siku tisa kabla. Alikufa amekaa, mgongo ukutani, saa nne asubuhi, nami nikiwa kwenye basi kurudi kutoka kuulizia.

Daktari yule alisema kilango kile kingebadilishwa. Fedha ya kukibadilisha nilikuwa nayo mkononi kwa siku nane. Sikutaka kumwudhi mzee mmoja kibarazani, na gharama yake ni uhai wa mke wangu.