Fundi wa Nguo Katika Daftari Langu

Ilikuwa saa tatu kasoro dakika kumi asubuhi, kwa saa ya ukutani ya tajiri wangu, fundi wa nguo alipoacha cherehani yake barazani, akaingia ghalani na kufunga mlango nyuma yake. Nilikuwa napima mpunga. Mkononi alishika daftari langu, kidole gumba kikiwa katikati ya kurasa.

"Karani," alisema, "nifute."

Sikuelewa. Nilimwambia aketi juu ya gunia. Hakuketi.

Ili jambo hili lieleweke, lazima nianze na vitabu.

Ulikuwa mwaka wa tatu tangu vita vya Maji Maji viishe kwetu. Hapa Ifakara watu walikuwa wamerudi kulima, lakini walisalimiana kwa kutazamana pembeni. Kila mtu alikuwa na maelezo yake ya mahali alipokuwa wakati wa vita, na maelezo hayo yalikuwa yamepangwa yasikike vizuri mbele ya akida wa Wajerumani. Mimi nilikuwa karani wa mizani kwa mfanyabiashara Mhindi aliyenunua mpunga na mpira. Kusoma nilijifunza mwenyewe, kwa kunakili maandishi ya magunia na makasha, na huenda ndiyo sababu siamini kilichoandikwa mpaka nikipime.

Mwalimu wa dini, aliyeletwa kwetu kutoka misheni ya upande wa Mahenge, alijua Kijerumani. Padri wake alimwazima vitabu vya hadithi ndefu, hivi ambavyo sasa tunaviita riwaya. Kila Jumapili mchana alinisomea sura moja au mbili, akizigeuza kwa Kiswahili papo hapo, kisha tukabishana.

Kitabu cha kwanza kilihusu yatima aliyeachiwa mali na mjomba asiyemjua. Mwalimu alilia. Mimi niliuliza mjomba huyo alikuwa wapi miaka yote ile, na kwa nini barua yake ifike siku ileile yatima anapofukuzwa nyumba.

"Ni rehema ya Mungu," alisema mwalimu.

"Ni uvivu wa mwandishi."

"Wewe unasoma kama unatoza kodi! Kila anayepita kitabuni unamdai cheti."

"Asiyekuwa nacho ana sababu yake, mwalimu."

Jambo lililonitia shaka zaidi ni jinsi mwandishi alivyojua mtu aliwaza nini akiwa peke yake chumbani. Ghalani kwetu, mtu akiniambia gunia lina pishi thelathini, namwuliza nani alipima. Mwalimu alijibu kwamba hadithi haipimwi, inasikilizwa. Tuliachana hivyo, kila mmoja na lake.

Kitabu cha pili nilikipenda, ingawa sikumwambia. Kilihusu vita vya huko kwao, na kijiji kilichopitiwa na askari. Watu walikuwa wengi, majina yao yakinishinda kutamka, kwa hiyo katika daftari langu niliwaandika kwa kazi zao: mwashi, mjane wa kinu, fundi wa nguo. Chini ya kila mmoja niliweka maoni yangu. Mwashi: anasema ukweli, lakini amechelewa. Mjane wa kinu: anajua zaidi ya anavyosema. Na Jumapili iliyotangulia asubuhi ile nilikuwa nimeandika: "Fundi wa nguo. Anatabasamu mno. Ndiye aliyewaonyesha askari nafaka ilikofichwa, kisha akaenda kulia msibani. Simwamini. Tuone ataumbuka lini."

Ijumaa nililisahau daftari juu ya meza ya mizani. Fundi wetu aliingia kutafuta uzi, akaliona. Miezi sita kabla yake asingeweza kulisoma. Mimi ndiye niliyemfundisha herufi, jioni baada ya jioni, kwa chaki juu ya ubao wa kukatia nguo.

Sasa alisimama mbele yangu, na jasho limemlowesha kola.

"Umeandika kwa nani? Kwa akida?"

"Kwa nafsi yangu. Hizo ni habari za kitabu cha mwalimu. Fundi huyo ni Mzungu, kaka. Hajawahi hata kuuona mto wetu."

"Kitabu." Alicheka bila sauti. "Mzungu wa huko mbali alijuaje kwamba nilikwenda msibani?"

Nilikuwa nimefungua kinywa nimweleze tena. Nikakifunga. Aliona nimeona.

Hapo alikaa juu ya gunia. Alisema askari walimkamata kwenye njia ya Idete, yeye na mkewe, na mkewe alikuwa mjamzito. Walimfunga mke kamba shingoni. Walitaka kujua vihenge vya mpunga vilifichwa wapi porini. Vilikuwepo vinne. Alionyesha kimoja, wakaridhika, wakakichoma, wakaondoka.

"Vitatu vilibaki," alisema. "Watu walikula vile vitatu. Hakuna anayehesabu vile."

"Kile kimoja kilikuwa cha nani?"

Alitazama mizani.

"Cha nani, fundi?"

"Cha dada yako."

Dada yangu mkubwa alimzika mwanawe wa mwisho katika njaa ile. Mumewe alikuwa ameshakufa vitani. Nilimwuliza fundi kwa nini alichagua cha dada, naye akajibu kwa unyofu ambao mpaka leo sijakutana nao katika kitabu chochote: "Kwa sababu hakuwa na mume wa kuja kuniuliza."

Kisha akasema, "Akijua, sitaweza kukaa hapa. Mke wangu na mtoto hawana kwingine. Nifute, karani."

Nilichukua wembe wa kukatia kamba za magunia, nikaukata ukurasa, nikampa. Aliukunja mara nne, akauweka ndani ya kofia, akarudi barazani. Baada ya muda nilisikia cherehani ikianza tena, polepole. Siwezi kusema nilimsamehe. Nilikata karatasi tu.

Kesho yake mwalimu alinisomea sura iliyofuata. Wanakijiji walimgundua fundi wao, wakamtupa mtoni. Mwalimu alifunga kitabu kwa kofi.

"Umefurahi sasa? Ulimshuku tangu mwanzo."

"Mwandishi alimwuliza kwanza?"

"Alimwuliza nani?"

"Fundi. Hapo palikuwa na nafaka ya nyumba ngapi? Iliyobaki ililiwa na nani? Hakuandika."

"Haya tena! Jumapili iliyopita ulikuwa mwendesha mashtaka, leo umekuwa wakili wa wasaliti. Umekula nini?"

Nilisema nimekula wali. Alinitazama kwa muda mrefu, naye alikuwa mtu mwerevu, kwa hiyo niliaga mapema.

Njiani nilipita kwa dada. Alikuwa ameketi mlangoni na gauni jipya la kaniki.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Umeliona? Fundi wenu kakataa hela tena. Kila mwaka ananiambia wajane hawatozwi."

Nililijua jambo hilo. Kwa miaka mitatu nilikuwa nimemshuku fundi kwa sababu hiyo, nikidhani anamtaka dada yangu awe mke wa pili, na mara moja nilikuwa nimemwonya. Na wajane wengine, nilijua vizuri, aliwatoza.

"Mshukuru," nilisema.

"Nilimshukuru. Hapendi. Huinamisha kichwa kama anayegombezwa."

Sikumwambia. Nyumbani nilifungua daftari mahali ukurasa ulipokatwa, nikaandika kila alichomshonea: magauni matano, mashuka mawili, kanzu ya marehemu mumewe iliyogeuzwa ikawa mto wa kulalia, na viraka. Nilitumia bei anayowatoza wengine. Kwa miaka mitatu dada yangu alikuwa ameokoa rupia nne na hela sitini.