Siku Niliyowafungia Geti Wanafunzi Wenzake Binti Yangu

Sina hasira na tetekuwanga. Ugonjwa hauna adabu, unaingia popote. Hasira yangu ni kwa watu wazima wanaoambiwa jambo, wakaitikia, halafu wakafanya lao.

Binti yangu ana tatizo la figo. Vidonge vinavyomshusha uvimbe vinamshusha na kinga ya mwili. Daktari hapa Sumbawanga hakunizungusha: tetekuwanga kwa watoto wengine ni kujikuna tu, kwa huyu inaweza kuwa kifo. Nikaenda kumweleza mwalimu wake wa darasa la pili. "Nimekuelewa, mama," akasema. Ugonjwa ulipoingia darasani, nikambakiza mtoto nyumbani.

Ijumaa, baridi ya Julai imekaza, nasikia nyimbo barabarani. Kuchungulia, ni darasa lake karibu zima, mwalimu mbele, wamebeba sukari na unga wa ulezi. Wamekuja kumjulia hali mwenzao. Wawili wana vipele usoni, vibichi kabisa, vimepakwa dawa nyeupe.

Nikafunga geti.

"Shikamoo, mwalimu. Hamwingii."

"Marahaba. Mama, watoto wametembea kutoka shuleni kwa upendo tu."

"Upendo ubaki huko huko nje. Huyo ana nini usoni?"

"Aa, huyo anaelekea kupona."

"Mwalimu, mimi nilikwambia nini?"

Jirani yangu, bibi wa makamo, akatokea uani kwake. "We binti, wageni wa mgonjwa hawafukuzwi! Hiyo fomu foo yako ndiyo imekufundisha hivyo?"

"Atakayezika ni mimi, bibi, siyo wewe!"

 Nyuma yangu mwanangu alikuwa amepanda kiti dirishani, anapunga mikono yote miwili, anawaita wenzake mmoja mmoja kwa majina. Nilifoka mpaka wakaondoka. Sukari na unga wakaviacha chini, nje ya geti.

Hakuugua. Hakupata hata kipele kimoja, na wakija leo nafunga tena. Lakini wangeweza kusimama ng'ambo ya barabara, wakamwimbia wimbo mmoja, naye akawatazama kutoka dirishani. Ningepungukiwa nini? Sikulifikiria hilo. Nilikuwa na hasira.

Ugonjwa ulipoisha akarudi shule. Baadaye mwanafunzi mwingine akavunjika mkono, darasa likaenda kumwona. Siku hiyo binti yangu alirudi mbio, anahema.

"Mama, leo nimelinda mabegi ya darasa zima!"

"Wenzako walikuwa wapi?"

"Walienda kumwona mgonjwa. Mwalimu kasema mimi nibaki, eti mama yangu hapendi mambo hayo. Na hakuna hata penseli iliyopotea!"

Nikamvua sweta, nikamwambia amefanya kazi nzuri sana. Akafurahi. Akaniuliza kama wiki ijayo kutakuwa na mgonjwa mwingine.